Sukari Isiyo na Mkata Miwa

Washairi wa mwambao wameifanya sukari istiara ya mahaba hata ikachakaa. Laiti wangefika Kidatu, kaskazini ya Ifakara! Katika bonde hilo la Kilombero kampuni ya sukari iliyoundwa 1960 ilizaa mji: kiwanda cha Msolwa, kisha cha Ruembe ng'ambo ya mto Ruaha, vikazungukwa na nyumba za vibarua, maduka, misikiti na makanisa. Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, na mkataji hurudi kwake mweusi kwa masizi. Msimu ukiisha, wengi hubaki bila kazi. Katika beti za sukari vina vinapatana na mizani imetimia, lakini masizi hayamo. Ndiyo maana utamu wake ni chapwa. Wala mshairi wa Unguja hana udhuru: Mahonda si mbali.