Kipimo cha Uhalisia na Sanaa za Kale: Kutoka kwa Waetruski hadi Wabizanti

Kwa muda mrefu historia ya sanaa ya Italia ya kale ilisimuliwa kama safari ya kupanda mlima na kuushuka. Waetruski waliwekwa kwenye mwinuko, Warumi wa enzi ya Augustus wakawekwa kileleni, na Wakristo wa mwanzo pamoja na Wabizanti wakahesabiwa kuwa watu walioteremka huku ujuzi ukiwaponyoka. Giorgio Vasari alikwisha kulalamikia mporomoko huo mwaka 1550, na Bernard Berenson aliurejelea mwaka 1954 alipolihakiki Tao la Constantine. Kabla ya Berenson, mwaka 1901, Alois Riegl alikuwa ameipinga rai hiyo, akishikilia kwamba sanaa ya Roma ya zama za mwisho ilikuwa na dhamira yake yenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Riegl alikuwa na haki, na zaidi ya hayo, kwamba hata hicho kinachoitwa kilele hakikuwa uhalisia mtupu.

Tuanze na jeneza la mtu na mkewe, lililofinyangwa kwa udongo na kuchomwa huko Cerveteri mnamo 520 K.K., ambalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Villa Giulia mjini Roma. Wawili hao wameegama juu ya kitanda cha karamu. Kuanzia kiunoni kwenda juu miili imejaa uhai. Kuanzia kiunoni kwenda chini imelala bapa. Je, mfinyanzi aliyeweza kuifanya mikono izungumze alishindwa na magoti? Haielekei. Ameiweka nguvu yake penye maana. Nyuso zenyewe, zenye tabasamu moja na macho ya umbo moja, zimefanana mno kuwa sura za watu mahsusi. Kinachoadhimishwa ni mume na mke kukaa pamoja karamuni, desturi iliyowashangaza Wayunani.

Sanamu ya Augustus iliyopatikana Prima Porta mwaka 1863, yenye urefu wa mita 2 hivi, ndiyo hutolewa mara nyingi kuwa kielelezo cha uhalisia wa Kirumi. Ni kweli kwamba uzito wa mwili umekaa barabara juu ya mguu mmoja, na misuli inaonekana hata juu ya dirii. Lakini Augustus alifariki mwaka 14 B.K. akiwa na umri wa miaka 75, na sanamu zake ziliendelea kumwonyesha kijana. Miguu yake iko peku, kama ya miungu. Kando yake yumo Cupid juu ya pomboo, kudokeza kwamba ukoo wa Kaisari ulitoka kwa Venus. Kifuani Mparthi anarejesha bendera za Warumi, jambo lililopatikana mwaka 20 K.K. kwa mapatano, si kwa mapigano. Hata hivyo limepambwa kama ushindi wa vita. Basi uhalisia wa mwili umetumiwa kuyafanya madai ya utawala yaaminike.

Mvutano wa mitindo unaonekana waziwazi katika Tao la Constantine la mwaka 315. Michongo iliyotolewa katika majengo ya wakati wa Trajan, Hadrian na Marcus Aurelius imepachikwa pamoja na michongo mipya. Katika ile mipya watu ni wafupi, vichwa ni vikubwa, na wamepangwa safu kwa safu. Kaisari anayegawa fedha ameketi katikati, amekabili mbele. Huenda mafundi walifanya haraka. Hata hivyo mpangilio huo unaeleza cheo kwa namna ambayo msukosuko wa vita katika michongo ya Trajan hauwezi. Wala mtindo huu haukuletwa na Ukristo. Sanamu ya watawala wanne wanaokumbatiana, iliyoko Venice, ina sura hiyo hiyo, nayo ni ya enzi ya Diocletian, aliyeanza kuwatesa Wakristo mwaka 303.

Wakristo kwa upande wao hawakuukimbia Urumi. Junius Bassus, liwali wa mji wa Roma aliyefariki mwaka 359, alizikwa katika jeneza la marumaru lenye visa kumi vilivyogawanywa kwa nguzo za Kirumi. Kristo ni kijana asiye na ndevu, na chini ya miguu yake yumo Caelus, mungu wa anga wa Warumi. Fani ni ya kale. Maudhui ndiyo yaliyogeuzwa.

Katika kanisa la San Vitale, Ravenna, lililowekwa wakfu mwaka 547, mageuzi hayo yanakamilika. Justinian na Theodora wameundwa kwa vipande vidogo vya vioo na mawe vilivyopachikwa ukutani. Hawana uzito wala kivuli. Miguu yao yaning’inia kana kwamba hapana sakafu. Lakini mmoja amebeba sahani ya mkate na mwingine kikombe, na penye pindo la vazi la Theodora wamo Mamajusi watatu wakipeleka zawadi. Ibada iliyofanyika mbele ya madhabahu iliwakuta hao wawili tayari wamo katika maandamano. Mwili wenye uzito ungewafunga mahali pamoja na siku moja. Mfinyanzi wa Cerveteri angelielewa jambo hili.

Haina maana kwamba kila kazi ni bora kwa kuwa ina shabaha yake. Kazi yaweza kushindwa kuifikia shabaha hiyo, na hapo mhakiki ana haki ya kuikosoa. Lakini kuikosoa kwa shabaha ya mwingine si uhakiki. Kipimo hicho hicho ndicho walichokitumia Wazungu wengi wa karne ya 19 kuidharau michongo ya Kiafrika, eti kwa sababu vichwa ni vikubwa na miguu ni mifupi. Mhakiki anayekipinga kipimo hicho Afrika na kukikubali Ravenna hajakipinga bado.