Nyimbo za Awaara Masikioni mwa Kariakoo

Filamu ya Awaara, aliyoiongoza Raj Kapoor mwaka 1951 na kuigiza ndani yake kama mhusika mkuu, ni miongoni mwa picha za Kihindi zilizopendwa mno katika mwambao wa Afrika Mashariki. Watoto wa Kariakoo, Dar es Salaam, walivuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwenda kutazama picha za namna hiyo Uhindini, katika majumba kama Empire, Avalon na Odeon. Picha yenyewe ilimalizika kwa muda wa saa tatu hivi. Nyimbo zilibaki katika santuri, zikapigwa barazani na mikahawani hata kwa wasiopata kuiona filamu. Kwa hiyo santuri hizo hazistahili kuhesabiwa kuwa kumbukumbu ya filamu tu. Ni kazi nyingine, na yapasa zihukumiwe kwa masikio.

Utuchukulie wimbo uliobeba jina la filamu. Muziki ni wa Shankar na Jaikishan, maneno ni ya Shailendra, sauti ni ya Mukesh. Kodiani inatangulia, mdundo unakwenda kama hatua za mtu asiye na haraka, na sauti inafuata bila madaha. Mtu asiyejua Kihindi ataapa kuwa huu ni wimbo wa sherehe. Kumbe anayeimba ni mtu asiye na nyumba wala wa kumpenda, na anayatamka hayo akitabasamu. Katika filamu macho yanalisaidia sikio: msikilizaji anaziona nguo zilizochakaa, anauona mkono ukiingia katika mfuko wa mtu. Santuri imeyaondoa hayo yote. Imebakisha furaha, na huzuni imefichwa ndani ya lugha isiyoeleweka.

Je, Kariakoo ilidanganyika? La. Neno awaara lina ndugu yake katika Kiswahili, naye ni mhuni. Hapo kale mhuni alikuwa mtu asiye na mke, au mtangatangaji asiye na pa kutulia. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwasaka vijana wasio na kazi Dar es Salaam, ikawaita wahuni, ikawarudisha makwao kwa nguvu. Mwaka 1983, nchi ikiwa huru, msako wa Nguvukazi uliwarejea wenziwao. Na mtaa wenyewe umepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, cha Vita Kuu ya Kwanza. Tangu hapo umekuwa mtaa wa wanaowasili na mizigo kichwani. Msikilizaji wa hapo hakuhitaji kufasiriwa huzuni. Huzuni alikuwa nayo. Alichokosa ni sauti ya kumwonyesha kuwa mtu aliyepewa jina baya anaweza kutembea barabarani kichwa juu.

Filamu inajenga hoja: hakimu anashikilia kuwa mtoto wa mwizi ni mwizi, na kisa kizima kinamsuta, kwani huyo awaara ni mwanawe mwenyewe. Santuri haina mahakama wala hakimu. Hiyo ni hasara, maana kosa linasahaulika na umaskini unaweza kuonekana kama mchezo. Lakini ni faida pia. Katika wimbo hakuna anayemhukumu mtu huyu, anasikilizwa tu.

Ndoto maarufu ya filamu, yenye mawingu ya peponi na ndimi za moto, inachukua dakika zipatazo tisa. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua dakika tatu na ushei tu, hivyo ndoto ililazimika kukatwa vipande. Kilichopendwa zaidi ni kile cha Lata Mangeshkar, cha msafiri aliyerudi nyumbani. Sikio lililolelewa na taarabu halipati shida kukitambua, kwani sauti yake ilichukuliwa katika wimbo wa Riyad al-Sunbati wa filamu ya Kimisri ya Widad (1936), unaojulikana kwa Umm Kulthum. Basi wanaowalaumu waimbaji wa mwambao kwa kutia maneno ya Kiswahili katika sauti za Kihindi wangefaa kwanza kuuliza Wahindi walizitoa wapi. Bahari hii haina mwenye sauti peke yake. Swali la haki si nani aliyeazima, bali ni kama maneno mapya yanastahili kukaa katika sauti ile.

Kwa kipimo hicho, wimbo wa Awaara ni mtihani mgumu kwa mshairi yeyote. Akiufuata muziki peke yake atatunga kichekesho. Akiufuata msiba peke yake atatunga kilio. Shailendra aliviweka vyote viwili katika mstari mmoja, kimoja kisimzibe mwenziwe mdomo.