Nani Alisaga Unga Nyumbani kwa Penelope?

Tulipokuwa kidato cha nne swali la nafasi ya mwanamke halikukosekana. Na jibu tulikuwa nalo mfukoni: mwanamke kama mama mlezi, mwanamke kama mvumilivu, mwanamke kama chombo cha starehe. Unaorodhesha, unatoa mfano kitabuni, unapata alama zako. Mimi nilizipata. Sasa nimesoma Odyssey ya Homer, kwa Kiingereza, kamusi pembeni, na ile orodha imenigomea.

Mwanzoni haikunigomea. Penelope anaenea humo bila taabu. Mumewe Odysseus, mfalme wa Ithaca, alikwenda vitani Troy, akarudi baada ya miaka 20. Wachumba 108 wamejazana sebuleni, wanachinja mifugo ya mwenyewe, wanakunywa divai yake, wanataka mama achague mmoja wao. Yeye anasema subirini, nifume kwanza sanda ya baba mkwe wangu Laertes. Mchana anafuma, usiku anafumua. Miaka mitatu! Wa nne ndio akafichuliwa, tena na kijakazi wake mwenyewe. Haya, andika hapo: mke mwaminifu, mwerevu, mvumilivu. Na katika kitabu cha kwanza tu (viko 24) mwanawe Telemachus anamwambia arudi juu kwenye kitanda cha mfumi, maongezi ni ya wanaume. Mama anapanda ngazi. Mtoto uliyemzaa, jamani.

Basi nikafika kitabu cha 20, na hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Ni alfajiri. Odysseus amekwisha kurudi, amejifanya ombaomba, kalala kibarazani kwa nyumba yake na wanaomjua ni wachache tu. Anamwomba Zeus ishara. Radi inapiga. Karibu hapo wapo wanawake 12 ambao kazi yao ni kusaga shayiri na ngano za nyumba hiyo. Kumi na mmoja wamemaliza fungu lao, wamelala. Mmoja, dhaifu kuliko wote, bado anasaga. Anaisikia radi, anasimamisha jiwe, anaomba kwamba hao wachumba waliomchosha hadi magoti yakalegea, leo wale karamu yao ya mwisho. Basi, imetosha. Hatumwoni tena.

Hapo nampa Homer haki yake. Radi peke yake ingetosha kuwa ishara, msuko usingepungua kitu. Lakini aliona wanaume 108 wanakula mkate kila siku, akajiuliza unga unatoka wapi. Sisi tunaosoma ndio hatujiulizi. Tunamsifu Penelope kwa kutunza nyumba, kumbe nyumba hiyo ina vijakazi 50, hesabu hiyo imo humohumo kitabuni. Penelope anafuma, ndiyo, na kufuma kwake ni kazi na ni silaha. Ila hajasaga.

Ninalomlaumu mtunzi ni jinsi dua ile inavyotumika. Odysseus akiisikia anafurahi, kwa sababu anaona ni ishara yake yeye. Magoti ya mama wa watu yamegeuka habari njema za bwana.

Endelea kidogo na asubuhi hiyohiyo. Yaya mzee Eurycleia anawaamuru wasichana: fagieni, nyunyizeni maji, futeni meza kwa sponji, osheni vikombe. Ishirini wanakwenda kisimani. Unaona ni asubuhi ya kawaida ya mwenye wageni wengi. Sasa ruka mpaka kitabu cha 22, siku ni ileile. Wachumba wameuawa wote. Vijakazi 12 walioshutumiwa kwamba walilala nao wanaitwa, wanaamriwa watoe maiti nje na kuosha meza na viti. Kwa sponji. Wakimaliza, Telemachus anawanyonga kwa kamba ya merikebu. Yaani kabla ya kufa wamemalizishwa usafi kwanza! Nimesoma vitabu vya vita vingi, sijakutana na ukatili uliotulia namna hii. Emily Wilson, aliyeitafsiri Odyssey kwa Kiingereza mwaka 2017, ameeleza kwamba baadhi ya wafasiri waliomtangulia waliwaita wasichana hawa malaya mahali ambapo Kigiriki hakina neno hilo. Mtumwa ana hiari gani mbele ya mgeni wa bwana, hilo hawakuuliza.

Mwenzangu mmoja wa kikundi chetu cha uandishi ananipinga. Anasema kila mhusika akipewa jina na maisha yake utenzi hautaisha, na mhusika mdogo kazi yake ni kumjenga mkubwa. Ni hoja, siikatai. Lakini katika kitabu cha 17 Odysseus anamwona mbwa wake wa zamani, amezeeka, amelala juu ya samadi. Mbwa anamtambua, anatikisa mkia, anakufa. Mbwa huyo anaitwa Argos. Tunaambiwa alivyokuwa hodari wa kuwinda ujanani. Kwa hiyo nafasi ilikuwepo.

Nisijifanye mwema. Naishi kwa shangazi, vyombo vya usiku ni vyangu, na riwaya yangu naiandika vikishakauka. Ungedhani mtu kama mimi asingekosea hapa. Juzi nikasoma upya sura yangu ya tatu: bwana na bibi wanagombana, mlango unafunguka, msichana wa kazi anaingia na chai, wananyamaza, anatoka. Nilikuwa nimeipenda sana ile kimya. Msichana sikumpa jina, na nilipojiuliza usiku ule alilala saa ngapi, sikuwa na jibu.