Keki ya Matufaha ya Kijerumani juu ya Mbabula ya Likasi

Miongoni mwa vyakula ambavyo Wajerumani huviandaa katika majira ya kupukutika majani, ni vichache vinavyopendwa kama keki ya matufaha, nayo si keki moja bali ni ukoo mzima: iko ya sinia pana iliyoumuliwa kwa hamira, iko iliyofunikwa juu na chini kwa unga uliokandwa na siagi, na iko ile iliyo nyepesi kuliko zote, waiitayo versunkener Apfelkuchen, ambayo matufaha hupangwa juu ya rojo, kisha rojo likapanda taratibu na kuyameza nusu. Hii ya mwisho ndiyo nitakayoichambua hapa, kwa kuwa niliishuhudia ikiokwa tangu kupimwa unga hata kukatwa vipande katika nyumba moja ya mtaa wa Kikula, hapa Likasi, katika Katanga ya Kongo, na mama mmoja jirani ambaye aliyapokea mapishi yake kutoka kwa binti yake aishiye Köln. Wala isidhaniwe kuwa ndiyo ile tarti ambayo Wabelgiji waliizoea zama mji huu ulipoitwa Jadotville, maana tarti ni ukoko mwembamba uliobeba matunda, ilhali keki hii ni tunda na mkate vilivyoivishwa pamoja, kimoja kikitoa maji na kingine kikiyanywa, na ugumu wake wote umo katika kuvipatanisha hivyo viwili.

Mapishi yale yalikuwa sahihi kwa Köln. Kwa Likasi, kila kiasi kilichokuwamo kilistahili kuulizwa upya, na swali la kwanza, ambalo wengi hawalifikirii kabisa, ni la majira.

Binti aliandika kwamba keki hii ni ya Septemba na Oktoba, wakati matufaha ya Ujerumani yanapochumwa, hasa yale makubwa yenye uchachu yaitwayo Boskoop, ambayo waokaji wa huko huyathamini sana. Msomaji wa Likasi akiifuata kalenda hiyo kwa utiifu atajikuta anaoka katika kipindi cha joto kali kuliko yote ya mwaka, mvua zikiwa hazijatulia kunyesha, miti ya miombo ikiwa ndiyo kwanza imetoa majani mapya mekundu wakati ile ya Ulaya inayaangusha ya kwake, na tufaha lililo mkononi mwake likiwa limekwisha kukaa katika ghala la baridi miezi sita au zaidi. Kwani matufaha yanayouzwa Katanga aghalabu hutoka Afrika Kusini, katika mabonde ya Ceres, Elgin na Langkloof, yakaja kwa malori kupitia Zimbabwe na Zambia, yakavuka mpaka wa Kasumbalesa, yakashuka Lubumbashi, na kutoka huko yakaandama barabara kuu kilomita kama 120 hata kutufikia. Huko yanakotoka mavuno huanza Februari na kwisha Mei, na lile tufaha la kijani liitwalo Granny Smith, ambalo ndilo badala bora ya Boskoop kwa uchachu na uthabiti wa nyama yake, huchumwa yapata Machi na Aprili. Kwa hiyo majira ya keki hii kwetu ni mwisho wa Aprili na mwezi wote wa Mei, mvua zinapokatika na asubuhi zinapoanza kuwa na ubaridi; na anayeioka Oktoba kwa kuwa Wajerumani huioka Oktoba ameifuata tarehe na kuliacha tunda.

Jambo hili si la kupendezesha maneno tu. Tufaha halifi linapochumwa. Huendelea kuvuta pumzi, na katika kuvuta pumzi hiyo huitumia asidi yake kidogo kidogo, na kadhalika ile pektini iliyoshikamanisha nyama yake hulegea kadiri siku zinavyopita, hata tunda lililokuwa kavu na kali likawa tamu, lenye ungaunga, lisilo na msimamo. Tufaha la namna hiyo ukilila mkononi halina ubaya. Likiingia motoni husambaratika, likamwaga maji yake yote kwa mara moja ndani ya rojo ambalo bado halijashikana, na mwokaji akaja kukata keki akakuta tabaka la uji chini ya kila kipande cha tunda. Yale mekundu matamu, yanayopangwa juu ya mabeseni sokoni na kung'arishwa kwa kitambaa, yana kasoro hiyohiyo hata yakiwa mapya, kwa sababu uchachu wao ni haba tangu mtini. Jirani yangu huchagua la kijani, hulibonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, na likikubali kubonyea hulirudisha kwa mchuuzi bila ya mjadala.

Sasa kiasi. Mapishi yalitaka siagi gramu 125, sukari gramu 125, mayai matatu, unga wa ngano gramu 200, chembe ya chumvi, maji ya limau moja na ganda lake lililokwaruzwa, maziwa vijiko viwili, matufaha manne ya wastani, na beking pauda. Poda hiyo ndiyo iliyoiingiza keki ya aina hii katika jiko la kila nyumba ya Ujerumani, maana August Oetker, mfamasia wa mji wa Bielefeld, alianza mnamo 1893 kuiuza katika vipakiti vidogo vilivyopimwa tayari, kipakiti kimoja kwa nusu kilo ya unga, na tangu hapo mama asiyekuwa na mizani nyeti aliweza kuoka pasipo kubahatisha. Kwa kanuni hiyo gramu 200 za unga hustahili khumusi mbili za kipakiti. Ndivyo alivyofanya jirani yangu mara ya kwanza, na keki yake ikapanda kwa majivuno mpaka ukingoni, kisha, kabla haijaiva, ikabonyea katikati na kubaki hivyo.

Sababu yake ni mwinuko wa nchi. Likasi imekaa yapata mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ilhali Köln imekaa bondeni kando ya mto Rhein, haifiki mita 100; na kwa mwinuko wetu huu kanieneo ya hewa imepungua kwa kiasi cha subui moja, maji huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 badala ya 100, na gesi ileile iliyomo ndani ya rojo hutanuka zaidi kwa sudusi moja, kwa kuwa kinachoikandamiza ni kidogo. Rojo basi hunyanyuliwa upesi kuliko mayai na unga vinavyoweza kukaza, kuta za vipovu zikapasuka, na keki ikaanguka. Dawa yake ni kupunguza poda kwa sudusi ileile; na hapa hesabu imeangukia pazuri, maana ukiondoa sudusi katika khumusi mbili hubaki theluthi kamili, kipimo ambacho mtu hukigawa kwa jicho juu ya karatasi kwa ncha ya kisu. Mama yule hakuifikia theluthi kwa hesabu bali kwa kujaribu, lakini aliifikia. Fauka ya hayo alipunguza sukari hata gramu 110, kwa kuwa sukari ikizidi huchelewesha rojo kukaza, akaongeza kijiko kimoja cha maziwa kufidia unyevu ambao hewa nyepesi huunyang'anya. Na kwa kuwa mayai ya kuku wetu wa kienyeji ni madogo, alivunja manne badala ya matatu.

Kuhusu siagi nitasema machache. Kazi ya kuichapa pamoja na sukari ni kutia hewa, kwa maana punje za sukari huchimba ndani ya siagi vipovu visivyoonekana, na poda ije baadaye ivikuze vipovu hivyo tu. Yenyewe haizai kipya. Siagi huyakubali mambo hayo ikiwa laini bila kuyeyuka, katika nyuzi 18 hadi 20 hivi, na asubuhi ya Mei huileta Likasi katika hali hiyo bila ya jokofu wala jitihada. Margarini ya kopo huchapika vizuri, labda kuliko siagi, lakini ladha yake haifanani na ya siagi, na katika keki yenye viungo vichache hivi ladha ya mafuta haina pa kujificha. Rojo likiwa tayari linapasa kuwa zito, likiinuliwa kwa kijiko lisitiririke bali lidondoke kwa uvivu, kwani rojo jepesi huyazamisha matufaha hata chini ya chombo na hayo hayapandi tena.

Matufaha humenywa, hukatwa nusu kwa nusu, moyo ukatolewa, kisha mgongo wa kila nusu ukachanjwa mistari ya karibu karibu inayoingia hata theluthi mbili ya unene wake, ya tatu ikiachwa nzima ili kipande kisiachane. Wako wanaofikiri kuwa mistari ile ni pambo. Hasha, kwa mistari hiyo moto hupenya ndani ya tunda na mvuke wake hutokea juu, hewani, badala ya kushuka katika rojo. Maji ya limau hupakwa hapo hapo, maana nyama ya tufaha ikikutana na hewa hugeuka rangi ya kahawia kwa kazi ya vimeng'enya vyake, na ukali wa limau huvizuia.

Tumefika kwenye moto, ambao ndio uliokuwa kazi kubwa kuliko zote. Mji huu una umeme wa maji karibu yake, wa Mwadingusha katika mto Lufira, uliozalishwa tangu 1930 kwa ajili ya mitambo ya shaba, lakini nyumba nyingi za Kikula haziwezi kuutegemea kwa dakika 50 mfululizo, na keki iliyokatikiwa moto katikati haina tiba. Jirani yangu huoka kwa makala, yaani makaa, juu ya mbabula, ndilo jiko la makaa la kwetu. Hutwaa sufuria kubwa nzito, hutandika mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, juu yake huweka mawe matatu madogo, na juu ya mawe hukiketisha chombo cha keki, ili hewa ipite chini yake na pande zote. Kisha hufunika kwa kifuniko bapa cha chuma na kukipalia makala ya moto. Wapishi wa mwambao, wanaopalia makaa juu ya mkate wa kumimina, wataitambua hila hii mara moja. Tofauti iko katika mgawanyo. "Baba, moto wa juu ndio unaopika, wa chini ni wa kuzuia baridi tu," aliniambia huku akitoa makala kwenye mbabula kwa koleo, na nilipoyahesabu kwa jicho yalikuwa theluthi chini na theluthi mbili juu. Sababu ni kwamba tunda liko juu na ndilo lenye maji, karibu sehemu 85 katika mia, hivyo linahitaji moto mwingi, ilhali kitako cha keki kimegusana na bati na huungua upesi.

Kabla ya kuingiza keki alijaribu moto kwa kijiko cha unga mkavu kwenye kisahani ndani ya sufuria. Dakika tano baadaye unga ulikuwa umegeuka manjano iliyokolea, naye akaridhika, kwani ungebaki mweupe angeongeza makala, na ungekuwa mweusi angesubiri. Kisha alifanya jambo ambalo katika mapishi ya Köln halimo wala halihitajiki: dakika ya ishirini alichomeka kijiwe kidogo kati ya kifuniko na ukingo wa sufuria. Tanuri la umeme lina pa kutolea mvuke. Sufuria iliyofunikwa haina, na mvuke wa matufaha manne ukifungiwa humo keki hutoka nyeupe na laini juu, imeiva kwa kuchemka. Mvuke ulitoka katika upenyo ule kama uzi, na kufikia dakika ya hamsini uso wa keki ulikuwa wa dhahabu, kingo za matufaha zimekauka kidogo na kukunjamana. Kijiti cha kupimia kilichomwa katika rojo baina ya matunda, si ndani ya tunda, ambalo hulowesha kijiti hata keki ikiwa imeiva barabara.

Mdalasini ulinyunyizwa pamoja na sukari kidogo ingali moto. Najua wasomaji wa mwambao watatamani kutia iliki, na katika vitumbua na mahamri sina hoja nao, lakini hapa iliki hulifunika tufaha lote, na aliyetafuta tunda chachu soko zima hana faida ya kulizika. Wajerumani huila kwa krimu iliyochapwa, alasiri, pamoja na kahawa. Krimu hatukuwa nayo na kahawa ilitosha.

Keki hii haifai kukatwa kabla ya saa nzima kupita, maana rojo linalozunguka matunda hukaza likipoa. Aprili, mvua zikiwa bado zipo, isivushwe siku ya pili, kwa kuwa ukungu huanza pembeni mwa matufaha. Mei hustahimili siku tatu, mradi ifunikwe kwa kitambaa na si kwa kifuniko.