Mkebe Wazi wa Fundi wa Toi

Raba za mtumba zikimwagwa kutoka kwenye magunia pale soko la Toi, Nairobi, nyingi huwa zimeachama: soli imebanduka zamani, huko zilikotoka. Kabla hazijaoshwa na kuanikwa kibandani, hupitia kwa fundi mwenye mkebe wa gundi ya manjano. Mkebe hukaa wazi muda wote wa kazi. Fundi huchovya brashi, na brashi ikigeuka kuwa kigongo, huchovya kijiti au kidole. Ikizidi kuwa nzito, huongezwa thina. Swali la safu hii ni dogo: gundi hiyo ingetolewaje mkebeni bila fundi kushinda akiivuta puani?

Tuanze na gundi yenyewe. Kwa kawaida ni neopreni, mpira uliozaliwa katika maabara za DuPont, Marekani, mwaka 1930. Huyeyushwa katika vimiminika vinavyoruka upesi kama tolueni na heksani. Kinachoshika ni mpira. Kimiminika kazi yake ni kuubeba. Gundi hupakwa pande zote mbili, husubiriwa hadi isinate kidoleni, ndipo soli hukandamizwa na kugongwa nyundo. Basi mvuke wa gundi iliyokwisha kupakwa hauna budi kutoka, uweke mdomo wa aina gani. Kinachoweza kuokolewa ni ule unaopotea bure kutoka mkebeni, na huo si haba. Mkebe wenye kipenyo cha sentimita 10 una uso mkubwa mara 625 kuliko tundu la milimita 4.

Hesabu hiyo humvuta mtu moja kwa moja kwenye nozeli ndefu ya ncha, ile ambayo mafundi wa madirisha huikata mshazari wanapoziba kingo kwa silikoni. Kwa gundi ya viatu, nozeli hiyo ni kosa. Mfaransa Poiseuille, katika miaka ya 1840, alipima jinsi vimiminika vinavyopita kwenye mirija myembamba. Kanuni yake inatuambia kwamba ukipunguza upana wa tundu kwa nusu, unahitaji kusukuma kwa nguvu mara 16 ili kitoke kiasi kile kile. Ukirefusha mrija maradufu, nguvu nayo huongezeka maradufu. Gundi ya neopreni hulegea kidogo inaposukumwa, kwa hiyo 16 hiyo hupungua, lakini kidole gumba cha fundi kitakoma vilevile.

Tena ncha nyembamba huziba. Gundi iliyobaki ndani yake hukauka, fundi huichokoa kwa msumari, halafu hubinya kwa nguvu zaidi. Kizibo kikifyatuka ghafla, gundi humrukia machoni. Mdomo uliokusudiwa kumlinda umemletea hatari ambayo mkebe wazi haukuwa nayo.

Ubaya mwingine wa chupa ya kubinya hujitokeza pale unapoiachia. Chupa hurudia umbo lake na kufyonza hewa, na hewa hiyo huanza kukausha gundi kutoka ndani. Mchoraji John Goffe Rand alilitatua jambo hili mwaka 1841 kwa ajili ya rangi: tyubu ya bati laini inayobaki imebonyea. Ndiyo maana hadi leo tyubu ndogo za gundi ya namna hii huwa za alumini. Vipi vali ya silikoni yenye mkato, kama ile inayofunga chupa za tomato? Hufunga vizuri sana, ila tolueni huuvimbisha mpira wa silikoni, na mkato uliovimba haufungi tena.

Kwangu mimi, kifaa bora si nozeli hata kidogo. Ni chungu cha brashi kinachotumika katika karakana za ngozi: kopo lenye kifuniko cha koni, mpini wa brashi ukipita katikati huku umebanwa. Mdomo ni mpana na mfupi, hakuna kubinya, na brashi yenyewe ndiyo kizibo. Haikauki kwa sababu hulala ndani ya gundi.

Faida haiishii puani. Tolueni hutoa mvuke wa kutosha kushika moto tangu nyuzi 4 za Selsiasi, na Nairobi mchana haifiki baridi hiyo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu, kwa hiyo hutambaa sakafuni, na jirani huenda anakaanga chapati kwa jiko la makaa. Toi iliungua Machi 2019, ikaungua tena Oktoba 2024. Sisemi ni gundi iliyowasha moto. Nasema vibanda vya mbao havihitaji msaada wa kuwaka. Kuhusu mwili, Japani ya miaka ya 1960 ilishuhudia watengenezaji wa sandali wakipooza miguu kwa heksani, na katika miaka ya 1970 daktari Muzaffer Aksoy alionyesha jinsi benzini ya kwenye gundi ilivyowaletea mafundi viatu wa Istanbul saratani ya damu.

Kikwazo ni bei, na namna gundi inavyouzwa. Fundi wa Toi au Kawangware hununua kidogo kidogo, ikimiminwa kwenye chupa ya soda iliyotumika. Chupa hiyo hiyo ndiyo watoto wa mitaani huibana puani, na hilo halitibiwi kwa mdomo wa chupa. Kwa sababu ya watoto kama hao, kampuni ya H.B. Fuller ilibadilisha kiyeyushi cha gundi yake ya Resistol huko Amerika ya Kati, mwishowe mwaka 1999 ikaiondoa kabisa kwenye maduka ya rejareja.

Kwa upande wa fundi, viwanda vyetu vina njia fupi zaidi: viuze robo lita katika kopo la bati lenye brashi kifunikoni, kwa bei inayoshindana na chupa ya soda. Fundi akirudisha kopo tupu, ajaziwe kwa bei ya gundi peke yake.