Baridi ya Ufipa Haikuizima Tabla

Kuiweka tabla pembeni na kuuachia wimbo wa taarab wa Juma Bhalo mapigo ya kinanda cha umeme ni kosa, na sote tuliokuwa ukumbini Sumbawanga Jumamosi tulilisikia kabla ubeti wa pili haujaisha.

Fidla zilikwenda vizuri. Mwimbaji ana koo.

Ile tabla ya kulia, ya mti, ndiyo inayosifiwa, lakini nyimbo za Bhalo, zenye mahadhi ya filamu za Kihindi, hubebwa na ya kushoto. Vidole vinapiga huku kitako cha kiganja kikiisukuma ngozi, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayeguna. Kinanda kina mlio uliorekodiwa, kinaurudia vilevile, tena hakimsubiri mtu. Ubeti wa tatu mwimbaji alilivuta neno la mwisho, kama mahadhi yale yanavyotaka. Mpiga tabla angevuta naye, kisha amshushe kwenye kiitikio. Mashine ilishapita. Dada wa watu akameza silabi ili aikimbilie.

Kiongozi wa kundi akatutangazia kwamba baridi ya huku inalegeza ngozi. Inalegeza kweli. Ndiyo maana tabla ya kulia ina vigogo vidogo vilivyopachikwa chini ya kamba, na mpigaji hatembei bila nyundo: kigogo kikigongwa kishuke, ngozi inakaza, ukingo unagongwa kurekebisha. Huwezi kuikanza kwa moto kama ngoma zetu, lile doa jeusi la katikati ya ngozi litapasuka, ila nyundo ni kazi ya dakika chache. Muda wa kujaribu spika ulipatikana, tena mrefu!

Haya nayasema tangu rusha roho, na vinanda vyake vya umeme, ilipoanza kutugeuzia taarab. Wala si mimi wa kwanza kukilalamikia kinanda: All India Radio iliipiga marufuku harmonia mwaka 1940, hadi 1971, kwa kuwa vitufe vyake haviwezi kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Walizidisha, harmonia angalau ina pumzi. Lakini masikio walikuwa nayo. Na kwetu, mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, waliomfuata mwimbaji walikuwa watu, wakimtazama mdomo.

Na mpiga tabla alikuwepo Jumamosi. Walimpa manyanga. Safari ijayo arudishiwe ngoma zake, na mapigo ya kinanda yazimwe kabla ya wimbo wa kwanza.