Maharage, dona na mchicha: kazi kubwa hufanyika jiko likiwa baridi

Ukimuuliza mtu aliyeacha kupika maharage nyumbani, atakutajia mkaa. Sufuria inakaa motoni saa tatu, debe linaisha kabla ya wiki, na mtu aliyerudi kazini saa moja jioni hana saa tatu za kulinda chungu. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila yanaulaumu moto kwa kazi isiyo yake. Chukua mlo wa kawaida kabisa, maharage ya nazi, ugali wa dona na mchicha, uupange hatua kwa hatua: utaona sehemu kubwa ya muda wake ni wa kungoja, na kungoja hakuli mkaa. Kinachoamua kama chakula kitakuwa rahisi na chenye afya ni utaratibu, yaani nini kitangulie na nini kisubiri.

Mlo unaochambuliwa hapa ni wa watu watano: nusu kilo ya maharage mekundu, unga wa dona, mafungu mawili ya mchicha, nazi moja, vitunguu, nyanya, ndimu na mafuta kidogo.

Ungo na bakuli

Kazi huanzia kwenye ungo. Mawe na takataka hutolewa, na pamoja nayo punje zilizooza, zilizobunguliwa na zenye ukungu. Kisha maharage huoshwa na kulowekwa usiku kucha, saa 8 hadi 12, kwenye maji mengi. Asubuhi nusu kilo ile itakuwa imekaribia kilo nzima.

Uzito huo ulioongezeka ni maji yaliyokwisha kufika katikati ya punje. Yasipofika humo usiku, yatafika mchana juu ya jiko, na kila dakika ya safari yao utailipia mkaa au gesi. Kuloweka kunafanya kazi ileile bure.

Hapa inafaa kugusa imani moja ya jikoni, kwamba chumvi huyafanya maharage yawe magumu. Kuta za seli za haragwe zimeshikamanishwa na pektini, na pektini hiyo hukazwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Chumvi ikiwa kwenye maji ya kulowekea, sodiamu yake huchukua nafasi ya sehemu ya madini hayo, ganda likalainika na kuacha kupasuka ovyo. Kijiko cha chai kimoja kwa lita moja ya maji kinatosha. Asubuhi maji hayo humwagwa, na huondoka na sehemu ya zile sukari zinazoleta gesi tumboni.

Wanaochota maji ya kisima chenye chumvichumvi wanalijua tatizo hili kwa upande wa pili. Maji yenye kalsiamu nyingi huikaza pektini, na maharage hugoma kuiva. Vivyo hivyo maharage yaliyokaa miezi mingi kwenye ghala lenye joto na unyevu: ndani ya punje kalsiamu huhamia kwenye pektini, na hapo hata moto wa kutwa nzima haulainishi vizuri. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji sokoni kabla ya bei ni kama mzigo ni wa msimu huu.

Dakika kumi zisizo na mjadala

Maharage yakishalowekwa hutiwa maji mapya na kuchemshwa kwa moto mkali. Maharage mekundu mabichi yana lektini, protini inayoweza kumtapisha mtu na kumharisha ndani ya saa chache hata akila punje nne au tano tu. Lektini hiyo huharibika kwa kuchemka kabisa, maji yakitokota, kwa dakika zisizopungua 10 baada ya kulowekwa. Joto la nyuzi 80, lile la sufuria inayotoa mvuke bila kutokota, haliiharibu hata likidumu kwa saa kadhaa.

Ndiyo maana mpangilio hauwezi kugeuzwa: moto mkali kwanza, moto mdogo baadaye. Kwa tahadhari, dakika 20 za kutokota ni kiasi kizuri, hasa kwa wakazi wa nyanda za juu. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini Nairobi au Mbeya, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Maharage yaleyale huko juu huchelewa zaidi, na mpishi hana kosa. Sufuria ya presha huondoa tofauti hiyo kwa kupandisha joto hadi karibu nyuzi 120.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza moto na kufunika mpaka yaive. Ya pili ni kapu la kutunza joto, kikapu kilichosheheni vitambaa au sponji pande zote. Sufuria iliyofunikwa huwekwa humo ikiwa bado inatokota, na joto lililomo humalizia kazi kwa saa tatu au nne bila jiko. Kapu hili lina masharti mawili: maharage yawe yamekwisha kutokota zile dakika 20, na sufuria isiachwe humo mpaka iwe vuguvugu, maana vuguvugu ndilo joto linalopendwa na vijidudu. Ikitolewa, ichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Kujua kama yameiva hakuhitaji saa. Chota punje chache kwa kijiko uzipulizie. Ganda likikunjamana na kubanduka, yamekaribia. Kisha bonyeza punje moja kati ya ulimi na kaakaa. Ikisagika yote bila kiini kigumu katikati, imeiva. Jaribu punje tano, kwa sababu kwenye sufuria moja hazilingani.

Magadi mapema, nyanya mwisho

Wengi huharakisha kwa magadi. Yanafanya kazi kweli: ni alkali, na alkali huivunja pektini haraka. Gharama yake ni kwamba huharibu vitamini B1, ambayo maharage ni chanzo chake kizuri, yakiongeza na sodiamu kwenye sahani. Kwa maharage mapya yaliyolowekwa, magadi hayana la kufanya. Yabaki kwa maharage ya zamani yaliyoshindikana, tena chembe kidogo.

Nyanya, ndimu na ukwaju hufanya kinyume. Asidi huilinda pektini isivunjike, na maharage yaliyotiwa nyanya kabla ya kuiva yanaweza kubaki na ugumu uleule hadi usiku. Kwa hiyo kuunga kunakuja baada ya kuiva. Kitunguu hukaangwa kwa mafuta kidogo, nyanya ikafuata mpaka irojeke, kisha maharage na sehemu ya mchuzi wake. Tui jepesi hutangulia, tui zito hutiwa mwishoni kwa moto mdogo huku ukikoroga, lisikatike. Ukiponda punje chache kwa mwiko, mchuzi huwa mzito bila kiungo chochote cha pakiti.

Kinachobaki kwenye pumba

Tofauti ya dona na sembe hutokea mashineni. Mahindi ya sembe hukobolewa kwanza, yakaondolewa ganda na sehemu kubwa ya kiini, kisha yakasagwa. Ganda ndilo lenye nyuzinyuzi nyingi. Kiini ndicho chenye karibu mafuta yote ya punje, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Vyote viwili huondoka na pumba, na pumba huuzwa kuwa chakula cha kuku na ng'ombe. Mfugaji anajua thamani ya alichonunua.

Unga wa sembe unaoongezewa virutubisho kiwandani hurudishiwa baadhi ya vitamini na madini ya chuma. Nyuzinyuzi na mafuta ya kiini hayarudi.

Mafuta hayo ndiyo pia udhaifu wa dona. Yakishasagwa hukutana na hewa, na baada ya wiki chache za joto la pwani unga huanza kuwa na ladha chungu. Dona husagishwa kidogo kidogo na kuhifadhiwa mahali pakavu, penye ubaridi.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo wapenzi wa dona hawapendi kulisikia. Unga usiokobolewa hubeba kila kilichokuwa kwenye punje, kizuri na kibaya. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya kati ya Tanzania. Kukoboa hupunguza sehemu ya sumu hiyo kwa sababu nyingi huwa kwenye ganda na kiini, ilhali kupika hakuiondoi. Kwa mahindi yasiyoaminika, sembe ni salama kuliko dona. Dona ina faida kwa mtu aliyeyaona mahindi yenyewe, akayachambua, akatoa yaliyovunjika na yenye rangi ya ukungu, ndipo akayapeleka mashineni.

Jikoni dona hutaka maji mengi kidogo na subira. Ganda hunywa maji polepole, hivyo anza na uji mwepesi uuache utokote dakika kadhaa kabla ya kuongeza unga na kusonga. Ukishashika, punguza moto, funika kidogo, songa tena. Ugali wa dona uliokimbizwa huacha ladha ya unga mbichi mdomoni, na hapo ndipo watoto wanapoukataa.

Mahindi na maharage kukutana kwenye sahani moja kuna faida yake. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ambayo maharage yanayo tele. Maharage yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi huiongezea.

Mboga ya dakika tano

Mchicha huenda jikoni wa mwisho. Vitamini C yake huyeyuka kwenye maji na kuharibika kwa joto, kwa hiyo majani huoshwa kabla ya kukatwa, hukatwa manene, na hupikwa dakika tatu hadi tano kwa maji yaliyobaki kwenye majani yenyewe. Kinyume chake, karotini inayogeuzwa mwilini kuwa vitamini A huhitaji mafuta ili inyonywe. Kijiko cha mafuta, karanga zilizosagwa au tui lililo kwenye maharage linatosha.

Usichukulie kanuni hii kuwa ya majani yote. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa sana bila kufunikwa, kwa sababu majani ya muhogo hutoa sianidi inayopaswa kutoroka na mvuke. Kisamvu cha dakika tano ni hatari.

Ndimu hukamuliwa mezani. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga hunyonywa kwa shida, na vitamini C iliyoliwa pamoja nayo husaidia. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo kikombe cha baada ya chakula kingoje saa moja.

Hesabu ya wiki

Kwa mfanyakazi, njia nyepesi ni kuloweka kilo nzima Jumamosi usiku, kuichemsha Jumapili bila kuiunga, kuipooza upesi na kuigawa. Ya kuliwa ndani ya siku tatu hukaa kwenye friji, iliyobaki hugandishwa. Siku ya kazi kinachobaki ni kuunga maharage, kusonga ugali na kugeuza mchicha, kazi inayoweza kuisha ndani ya dakika 40. Asiye na friji apike ya siku hiyo, akitumia kapu.

Kasoro moja ya mapishi haya haiondolewi na utaratibu wowote: yanamtaka mtu aliwaze leo tumbo la kesho. Katika nyumba nyingi mzigo huo humwangukia mtu mmoja, naye akichoka familia nzima hurudi kwenye chipsi. Lakini kuloweka maharage ni kazi ya dakika mbili, haina moto wala kisu. Akabidhiwe mtoto wa darasa la nne, na iwe zamu yake.